Alama Zisizokuwa Zake

Jua lilipochomoza juu ya milima ya Upare, Irine alikuwa ameshakwenda bombani mara mbili. Mjini Same maji yalitoka kwa zamu, na aliyechelewa kupanga ndoo yake alirudi nayo tupu. Kwa hiyo alidamka, akachota, akafagia uwanja, akamsaidia mama yake kupanga tangawizi na ndizi za kupeleka sokoni. Ndipo akanywa uji wake akiwa amesimama, kama kawaida yake.

Ulikuwa mwezi wa Novemba, mwaka 2008. Irine alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwezi wa Septemba alikuwa amefanya mtihani wa darasa la saba, na sasa alikuwa nyumbani akisubiri matokeo ya taifa kama wenzake wote. Lakini Ijumaa ile kulikuwa na matokeo mengine, na hayo ndiyo yaliyomkosesha usingizi.

Baba yake, Mzee Eliufoo, alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika shamba la mkonge, kwenye mashine ya kukamulia majani. Shamba lilipouzwa kwa mwekezaji, watu wengi walipunguzwa kwa siku moja, naye akiwa miongoni mwao. Tangu hapo alishinda kibarazani akiziba pancha za baiskeli. Hakuwa mtu wa kulalamika, ila kicheko chake kilipotea. Watoto wa majirani waliozoea utani wake sasa walimwamkia na kupita.

Ndiyo maana nyumba nzima iliutazamia mtihani wa Mfuko. Huo ulikuwa mfuko wa elimu ulioanzishwa na wenyeji wa Same na Mwanga waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam. Kila mwaka uliwapa mtihani watoto waliomaliza darasa la saba, ukachagua kumi na wawili na kuwalipia miaka minne ya sekondari ya bweni. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, matokeo yalitolewa kwenye tovuti. Mtoto angeingiza namba yake ya mtihani na alama zake zingetokea. Jina na namba havingeonekana kwenye ukurasa wa matokeo, ili anayepita nyuma yako asijue ni matokeo ya nani.

Saa tisa alasiri Irine aliingia kwenye intaneti kafe ya Rogers, karibu na stendi. Palikuwa na kompyuta nne na feni moja. Rogers, kijana mrefu aliyesomea kompyuta Moshi, alimvutia kiti.

"Shikamoo kaka Rogers."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya Mfuko? Nitajie namba yako."

"Sifuri moja nne saba."

Rogers akaandika, akabonyeza. Ukurasa ukafunguka haraka sana. Kiswahili, arobaini na nne kati ya hamsini. Hisabati, arobaini na saba kati ya hamsini. Jumla, tisini na moja kati ya mia moja. Chini yake yalikuwapo maneno: *Hongera. Umechaguliwa. Fika ofisini na mzazi wako kabla ya Jumatano saa sita mchana. Asiyefika, nafasi yake atapewa mwingine.*

"Ee bwana!" Rogers alipiga makofi. "Tisini na moja! Mtoto, wewe ni moto!"

Irine alisogelea kioo cha kompyuta. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye alama za Hisabati. Siku ya mtihani, msimamizi aliposema muda umekwisha, alikuwa hajagusa ukurasa wa mwisho. Maswali matano, kila moja alama nne. Aliuacha mweupe. Hata kama yote mengine aliyapata, asingeweza kuvuka thelathini.

Alitaka kusema. Lakini Rogers alikuwa ameshaprinti karatasi na kumpa, bado ikiwa na joto la mashine. "Kampelekee mzee," akasema. "Leo hulipi."

Njiani Irine alijaribu kujipatia maelezo. Labda walisahihisha kwa huruma. Labda ukurasa wa mwisho haukuhesabiwa. Kila maelezo yalikataa kusimama, lakini miguu yake iliendelea kwenda nyumbani.

Baba yake aliisoma karatasi mara tatu. Kisha akaweka chini tairi alilokuwa amelishika, akacheka. Kilikuwa kicheko kile cha zamani, cha kutoka tumboni, hata mama yake Irine, Mary, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mama Irine, njoo uone! Tisini na moja!"

Mama alimkumbatia mwanawe na kulia. Majirani wakaja. Irine akatabasamu kwa kuwa kila mtu alikuwa akimtazama. Moyoni alijiambia, nitasema kesho.

*

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa rafiki yake Stumai. Familia ya Stumai ilitoka Pangani miaka mingi iliyopita kufuata kazi ya mkonge. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake, Mwanakheri, alikuwa kibarua wa kukata majani ya mkonge, kazi ya kulipwa kwa idadi ya mizigo. Waliishi vyumba viwili pembeni ya mji. Stumai alikuwa wa kwanza darasani kwa Hisabati tangu darasa la tatu. Irine alichokijua kuhusu sehemu na asilimia, alikijua kwa sababu Stumai alikaa naye chini na kumchorea mavumbini.

Alimkuta anafunga nguo zake kwenye kanga.

"Unakwenda wapi?"

"Mombo, kwa shangazi." Stumai hakuinua uso. "Ana kibanda cha chakula pale mabasi yanaposimama. Nitaosha vyombo."

"Na Mfuko?"

"Nilitazama jana asubuhi. Arobaini na tatu." Alivuta fundo la kanga kwa nguvu. "Hisabati kumi na mbili, Irine. Kumi na mbili kati ya hamsini. Mama alishasema, nikipata ufadhili nitasoma, nikikosa nitakwenda kwa shangazi. Hana la kufanya. Mgongo wake haumruhusu tena kukata mizigo ya watu wawili."

Irine alifanya hesabu kichwani. Baada ya mtihani wao wawili walikaa wakalinganisha majibu, na Stumai alikuwa amejibu kila swali. Kumi na mbili haikuwezekana. Na arobaini na saba haikuwezekana vilevile. Mambo mawili yasiyowezekana yalikuwa yamekaa chumba kimoja, naye ndiye pekee aliyeyajua yote mawili.

"Labda nilikosea kuandika namba za maswali," Stumai alisema kwa sauti ndogo. "Wewe umepata ngapi?"

"Nimepita," Irine alijibu.

Stumai alinyanyua macho, na licha ya kila kitu akatabasamu. "Nilijua. Hongera sana."

Alimsindikiza hadi stendi. Mwanakheri alitangulia, akitembea polepole kwa ajili ya mgongo, na Irine akamshikia kifurushi. Basi lilipofika, Irine alifungua mdomo, akaona jinsi baba yake atakavyorudi kwenye kibaraza chake bila kucheka, akaufunga. Stumai alipunga mkono dirishani. Basi likaelekea kusini, njia ya Hedaru, likatokomea.

*

Jumapili kanisani mzee wa usharika alisimama wakati wa matangazo. "Bwana Yesu asifiwe. Mtoto wetu Irine, binti wa Eliufoo, amechaguliwa na Mfuko kwa alama tisini na moja." Watu wakapiga makofi. Akina mama walikuwa wameshachanga. Walileta mbele sanduku la bati la kwendea bweni, jipya, lenye kufuli. Irine alilipokea. Lilikuwa tupu, lakini alilibeba kana kwamba ni gunia la mahindi.

Walipofika nyumbani na mama kuingia jikoni, Irine alimfuata baba yake kibarazani. Alisimama mbele yake akiwa bado na nguo za kanisani.

"Baba, zile alama si zangu."

Mzee Eliufoo alimsogezea kigoda. "Keti. Sema vizuri."

"Kwenye Hisabati niliacha ukurasa mzima. Ule wa mwisho. Sikuandika hata neno."

"Ulikuwa na maswali mangapi?"

"Matano. Alama ishirini."

"Hamsini toa ishirini."

"Thelathini, baba."

"Na karatasi inasema?"

"Arobaini na saba."

Mzee aliinamisha kichwa. Mtaani mtu alipita na baiskeli akamsalimia, naye hakuitikia. "Ulijua lini?"

"Ijumaa. Palepale nilipoona."

"Nasi tukacheka, ukatuacha tucheke."

Irine alianza kulia. "Kuna jambo jingine. Stumai ameambiwa amepata arobaini na tatu. Haiwezekani, baba. Yeye alijibu yote. Na jana nilimsindikiza kwenye basi nikiwa najua."

Baba yake aliinuka, akatembea hadi mwisho wa uwanja, akasimama huko akiitazama milima, amempa mgongo. Irine hakujua kama ni hasira au ni majonzi. Aliporudi, uso wake ulikuwa kama ulivyokuwa kabla ya Ijumaa, ila sauti yake ilikuwa imara.

"Sitakuchapa, na sitakwambia haidhuru, kwa maana imedhuru. Kesho asubuhi tutakwenda pamoja. Wewe ndiye utakayesema. Mimi nitasimama karibu."

*

Jumatatu walianzia kwa Rogers. Irine alimweleza yote. Rogers alikuna kichwa.

"Ngoja tuone," akasema. Akaandika namba ya Irine, sifuri moja nne saba. Ukurasa ulipofunguka, wote watatu wakasogea mbele. Haukusema tisini na moja. Ulisema sitini na saba, *hukuchaguliwa*.

"Mbona zimebadilika?" Mzee Eliufoo aliuliza.

Rogers aliisogeza kibodi karibu. "Stumai namba yake ngapi?"

"Sifuri moja moja mbili."

Sitini na saba. *Hukuchaguliwa.* Rogers akaandika namba nyingine aliyoibuni tu, kisha nyingine. Sitini na saba, sitini na saba. Mwisho akaandika tisa tisa tisa tisa.

"Mlikuwa watoto wangapi kwenye mtihani?"

"Mia tatu na kitu," Irine alisema.

"Basi huyu hayupo duniani." Akabonyeza. Mtoto asiyekuwapo alikuwa amepata sitini na saba.

Rogers aliegemea kiti chake. "Nadhani nimeelewa. Tovuti ya Mfuko haikai hapa Same. Imepangishwa kwenye mtambo wa kampuni moja Dar es Salaam, na kampuni ndiyo inayoutunza. Sasa mtambo wa namna hiyo hupunguza kazi kwa kuweka nakala. Mtu wa kwanza akiomba ukurasa, unautayarisha, kisha unaweka nakala pembeni. Wa pili akija, anapewa ile nakala. Baada ya saa kadhaa nakala inatupwa, na atakayekuja kwanza ndiye anayetengenezewa mpya."

"Hilo lina ubaya gani?" Mzee aliuliza.

"Halina, kama ukurasa ni uleule kwa kila mtu. Anwani ya ofisi, picha ya mwenyekiti. Lakini ukurasa wa matokeo unatakiwa kubadilika kwa kila anayeuliza. Fikiria zahanati, mzee. Mgonjwa wa kwanza anapimwa, jibu linaandikwa. Halafu karani, badala ya kusubiri kipimo cha kila mtu, anagawa karatasi ya yule wa kwanza kwa foleni nzima."

Mzee Eliufoo alitikisa kichwa taratibu. Irine aliwaza foleni ile. Ijumaa asubuhi foleni nzima ilipewa arobaini na tatu ya mtoto mmoja. Alasiri foleni nzima ikapewa tisini na moja ya mwingine. Yeye na Stumai walikuwa wamesimama kwenye foleni mbili tofauti, basi.

Rogers alifunga kafe yake na kwenda nao.

*

Ofisi ya Mfuko ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko. Sauti za ugomvi zilisikika tangu nje. Wazazi watano walikuwa wamemzunguka katibu, Bwana Aminieli, mwalimu mstaafu mwenye miwani, na kila mmoja alikuwa ameshika karatasi.

"Nimesema hizi ni za kughushi!" Bwana Aminieli alikuwa amesimama. "Karatasi tano, alama zilezile, Hisabati arobaini na saba kwa kila mtoto! Mnanifanya mjinga? Mtu mmoja amezitoa nakala na kuwauzia. Na nikimjua nitampeleka polisi!"

"Mimi sikununua kitu," mama mmoja alilia. "Mwanangu aliona kwa macho yake!"

Irine alitazama nyuso zile. Alijua wote walikuwa wakisema kweli, na huenda wote wangekosa. Baba yake alimgusa begani kidogo tu.

"Shikamoo, mwalimu," Irine alisema. Sauti haikutoka. Akarudia kwa nguvu zaidi. "Shikamoo, mwalimu. Nami ninayo karatasi kama hizo."

"Na wewe umechaguliwa, sivyo?" Bwana Aminieli alimgeukia kwa kejeli.

"Hapana. Nimekuja kusema kwamba sikuchaguliwa. Nina karatasi ya tisini na moja, lakini si alama zangu. Niliacha ukurasa wa mwisho wa Hisabati. Ukiitazama karatasi yangu ya majibu utaona."

Wazazi wote wakamgeukia. Asubuhi nzima watu walikuwa wakiingia pale kudai, na huyu alikuwa wa kwanza kukataa alichopewa. Bwana Aminieli aliketi. Akauliza namba yake, akaitafuta kwenye kompyuta yake.

"Hamsini na nane," akasema polepole. "Hisabati ishirini na tatu. Ni kweli, hukuchaguliwa." Akamtazama Irine juu ya miwani. "Basi tovuti inasema sawa. Hapa kwangu kila mtoto ana alama zake. Tatizo liko wapi?"

"Kwako ni sawa kwa sababu umeingia kwa neno la siri, mwalimu," Rogers alisema kwa adabu. "Wewe mtambo unakutambua kama mwenye tovuti, kwa hiyo unakutayarishia ukurasa mpya kila mara. Sisi wengine tunapewa nakala. Naomba utoke kwenye akaunti yako, kisha uulize kama sisi tunavyouliza."

Bwana Aminieli alifanya hivyo. Akaingiza namba ya Irine. Akaingiza nyingine, na nyingine. Wazazi walimsogelea wakatazama pamoja naye. Baada ya namba ya nne alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi.

"Ijumaa mama mmoja alinipigia simu kutoka Hedaru," alisema. "Alisema alama za mwanawe haziingii akilini. Nilitazama hapa kwangu, nikaona ziko sawa. Nikamjibu kwamba kompyuta haikosei." Akairudisha miwani usoni. "Sikumuuliza hata yeye ameona nini."

"Mwalimu," Irine alisema, "hawa waliopewa habari njema wamekuja wenyewe. Lakini Ijumaa asubuhi tovuti ilikuwa ikimwambia kila mtu amepata arobaini na tatu. Wale hawatakuja. Waliambiwa wameshindwa, wamekaa nyumbani. Huenda kati yao wapo waliochaguliwa. Naomba utazame sifuri moja moja mbili."

Katibu aliingia tena kwa neno lake la siri. "Themanini na sita," akasoma. "Hisabati arobaini na nane. Amechaguliwa. Ni nani huyo?"

"Anaitwa Stumai," Irine alisema, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote. "Yuko Mombo anaosha vyombo."

*

Bwana Aminieli aliwaomba radhi wale wazazi, mmoja mmoja, kisha akapiga simu Dar es Salaam. Rogers alisaidia kueleza. Fundi wa kampuni alikiri kwamba mtambo ulikuwa umewekwa uhifadhi nakala za kurasa zote ili tovuti ifunguke haraka, na hakuna aliyemwambia kwamba ukurasa wa matokeo hubadilika kwa kila mtu. Wala yeye hakuuliza. Kabla ya saa nane mchana alifuta nakala zote na kuuondoa ukurasa ule kwenye utaratibu. Rogers aliandika namba ya Irine kwenye simu yake, akaonyesha: hamsini na nane. Akaandika tisa tisa tisa tisa, na ukurasa ukajibu kwamba namba hiyo haipo. Irine alizitazama alama zake mwenyewe. Zilikuwa ndogo, na zilimuuma, lakini alizifahamu.

Hata hivyo katibu hakuiachia tovuti peke yake. Muda wa kujaza fomu uliongezwa hadi Jumamosi. Majina ya watoto kumi na wawili yaliandikwa kwenye karatasi na kubandikwa makanisani na misikitini, Same, Hedaru, Mwanga, hadi vijiji vya tambarare. Bwana Aminieli mwenyewe alipanda gari kwenda kijiji cha Bendera kumtafuta msichana mmoja aliyekuwa amechaguliwa. Alimpata, lakini siku ile ya Ijumaa, kwa uchungu, msichana yule alikuwa ameyachoma moto madaftari yake yote ya shule ya msingi. Mwalimu mstaafu alikaa na familia ile mpaka jioni, akaomba radhi, akarudi kimya.

Irine na baba yake walikwenda kwa Mwanakheri. Walimkuta amerudi shambani, mikono imechanwa na miiba ya mkonge. Irine alieleza yote, pamoja na yale ya stendi. Mwanakheri alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulisimama pale na mimi," alisema. "Ukanishikia kifurushi."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Mwanakheri aliinuka. Alinawa mikono, akajitanda kanga, akaondoka kwa basi la kwanza la kwenda Mombo. Jumanne alasiri alirudi na binti yake, na Jumatano wakaweka sahihi kwenye fomu.

Nyumbani kwa Irine sanduku la bati lilirudishwa kwa akina mama wa kanisa. Jumapili iliyofuata Irine alisimama wakati wa matangazo na kusema kwa kinywa chake kwamba hakuchaguliwa, na kwamba alijua tangu mwanzo. Hakuna aliyepiga makofi. Alirudi kwenye benchi akiona aibu, lakini siku hiyo alikula chakula chake chote kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile.

Stumai alikaa wiki mbili bila kuja. Wakikutana bombani alisalimia na kuinamia ndoo yake. Irine hakumlaumu. Wiki ya tatu, Jumamosi mchana, alitokea uwanjani, akaketi kwenye mkeka ambako Irine alikuwa akichambua maharage, naye akaanza kuchambua. Walifika katikati ya ungo kabla yeyote hajasema neno.

"Niliosha vyombo siku tatu tu," Stumai alisema mwishowe. "Lakini siku tatu zile niliamini mimi ni mjinga. Hilo ndilo lililoniuma, kuliko vyombo."

"Najua," Irine alisema. "Ningeweza kukuzuia pale pale stendi. Samahani, Stumai."

"Mama alisema kama usingesema, tungekuja kujua mwakani, au tusijue kabisa." Stumai alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Mwezi wa kumi na mbili matokeo ya taifa yatatoka. Wewe utachaguliwa shule ya kata. Nikija likizo nitakufundisha aljebra."

Mzee Eliufoo alikuwa amewasikia kutoka kibarazani. Alifuta mikono yake yenye grisi, akaja akachuchumaa mbele yao.

"Nimekaa na mashine miaka kumi na tisa," alisema. "Mashine hufanya ilichoambiwa, wala haijui ni nani amesimama mbele yake. Ilimpa kila mtu karatasi ya mwingine na haikuona haya. Kuona haya ni kazi yetu. Fundi hakuuliza, katibu hakuuliza, na wewe mwanangu uliyejua ukanyamaza siku mbili. Siku mbili hizo alizilipa mwenzako, kwa hiyo usizisahau."

"Sitazisahau, baba."

"Vizuri. Na nyote wawili nisikilizeni. Katika maisha yenu mtapewa sifa, au kazi, au cheti, au mzigo sokoni, na moyo wako utakwambia, hiki si changu. Siku hiyo usikifiche nyumbani. Simama uulize ni cha nani. Mwenyewe yupo mahali fulani, na huenda analia akidhani hana kitu." Alimtazama Irine. "Kule ofisini ulisema wakati kunyamaza kulikuwa rahisi zaidi. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Hamsini na nane zako ninazikubali, na mwakani tutazifanyia kazi."

Kisha akamtazama Stumai, akauliza kwa uso mkavu kabisa kama huko Mombo waliosha sahani kwa namba au kwa majina. Stumai alishangaa kwanza, halafu akaangua kicheko, na Mzee Eliufoo naye akacheka, taratibu, akirudi kwenye baiskeli iliyokuwa ikimsubiri.